Pembe ya Shangazi Imevuma Dunia Nzima, Nami Nimenyamaza

Bi Sidi, nakuomba unisome hadi mwisho kabla hujanigombeza, maana najua utanigombeza, mimi ni msomaji wako wa kila Ijumaa na ulimi wako naujua, na tena sikusomi peke yangu, nakusoma kwa sauti, humsomea shangazi yangu ambaye macho yameingia mtoto wa jicho, tumalizapo chakula cha mchana yeye hujilaza kwenye mkeka mimi nikafungua gazeti, na kila jibu lako ana lake la kulijibu, "Huyo Sidi leo kakosea," au "Hapo kapata," hata mara nyingine twacheka mpaka majirani wakauliza kulikoni. Majina ya watu nimeyabadilisha. Mambo yenyewe sikuyabadilisha.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, mzaliwa wa Mji wa Kale, na kazi yangu hakuna anayeijua. Jamaa zangu husema nafanya "kompyuta za Wazungu" nami huwaacha hapo hapo. Ukweli ni kwamba natunga muziki, si taarabu, si wa kuimbwa, natunga muziki wa okestra, fidla arubaini, matarumbeta, filimbi, ngoma kubwa za kutikisa kifua, vyote vimo ndani ya kompyuta yangu chumbani juu, na hautungiwi mtu maalumu. Huutunga kabla mwenye haja nao hajajulikana, nikaupeleka kwa kampuni moja ya ng'ambo yenye maktaba ya muziki, halafu mwenye filamu, au tangazo la sabuni, au habari za mpira, akija huzungushwa kama mteja wa Biashara Street mbele ya majora ya nguo, achukua linalomfaa, akatiwa kipande chake, aenda zake, na jina la mtunzi haulizi. Maktaba ile imepangwa kwa hisia, kuna upande wa huzuni, wa hofu, wa mapenzi, na mimi ni wa upande wa ushindi. Ndiyo kazi yangu, Bi Sidi. Natunga ushindi, wa dakika mbili na nusu.

Na hapa sitajishusha, maana sijawahi kumwambia mtu hata mmoja na nimechoka kujishusha: nimefaulu. Miaka mitatu ya kwanza nilipeleka vipande sitini na vyote sitini vikarudi, nilikuwa karani wa ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini, natunga alfajiri kabla ya kwenda kazini, hedifoni masikioni, kwa sababu marehemu babangu alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani na ala za muziki hakuzitaka nyumbani mwake, Mungu amrehemu, sikutaka kumuudhi, nikazoea kuficha, na alipofariki nikawa nimeshasahau namna ya kutoficha. Kipande cha sitini na moja kikapokelewa. Leo, baada ya miaka kumi na minne, vimefika mia mbili na kumi na viwili. Nimezisikia fidla zangu zikiuza mafuta ya kupikia kwenye televisheni ya duka la kanga, nimezisikia Liwatoni, sokoni kwa samaki, kwenye simu ya muuza barafu akitazama mabao ya jana, nikasimama pale na samaki wangu mkononi natabasamu kama mwehu, hata yule mzee akaniuliza, "Dada, wapenda mpira?" nikamwambia naupenda mno, na sijui hata wachezaji ni wangapi. Furaha ile siwezi kukueleza.

Sasa nije kwenye dhambi yangu.

Shangazi, nimwite Mejumaa, ndiye aliyenilea tangu mamangu alipofariki nikiwa na miaka saba. Ni mkuu wa vugo kwetu kwa zaidi ya miaka thelathini. Wewe ni mtu wa pwani, wajua, ila kwa wasomaji wa mbali niseme vugo ni ngoma ya wanawake ya harusini, kila mmoja na pembe yake ya nyati na kijiti, huzigonga wakiimba, na aliye mkuu ndiye ashikaye mwendo, wengine wamfuate. Pembe ya shangazi ilimponyoka zamani ikapasuka, siku ya harusi ya binti yake Mahira, akaifunga kwa waya wa shaba, na tangu hapo kila aigongapo hulia ta, halafu ule waya hutetema nyuma yake, zzz, kama nzi aliyefunikwa na kikombe. Hakuna pembe nyingine iliayo vile.

Na wajua pia kwamba kwenye harusi zetu za wanawake simu haziingii. Watu wamevua mabuibui, wamejipamba, hakuna atakaye picha yake izunguke mjini, kwa hivyo mlangoni hukaa mtu mwaminifu na kikapu, kila aingiaye aacha simu yake humo. Kwenye harusi moja ya jirani, miaka miwili iliyopita, mwaminifu huyo alikuwa ni mimi. Shangazi ndiye aliyenichagua. Nami, Bi Sidi, nikaiweka simu yangu juu ya zote kikapuni, imelala kifudifudi, inarekodi sauti.

Wallahi sikupiga picha hata moja. Nyimbo zao na vigelegele nilivifuta vyote siku ile ile, nikabakisha pembe tu, nikazitandika chini ya matarumbeta, na hapo kipande kilichokuwa kikinihangaisha mwezi mzima kikasimama kikatembea. Nilijaribu kuutoa ule mtetemo wa waya, nikaona kipande chafa, nikaurudisha. Kampuni wakaniandikia wakaniuliza ile ni ala gani, nikawajibu ni ala yangu ya nyumbani, na kwenye fomu nikatia sahihi kwamba kila sauti iliyomo ni yangu.

Mwezi uliopita, siku ya mbio za dunia za wanawake za mita elfu kumi, huko Ulaya, tulikuwa nyumbani kwa shangazi Bondeni, jamaa wote, alasiri, televisheni imefunguliwa kwa sauti ya juu. Binti yetu Mkenya alikuwa wa tano, mzunguko wa mwisho akawapita mmoja mmoja, akashinda, nyumba nzima ikaruka, Kamaludin, mtoto wa kiume wa shangazi, akajimwagia kahawa kwenye kanzu asijali, na walipouonyesha tena ule mwisho polepole, binti akikata utepe kwa kifua, wakautia muziki. Ulikuwa wangu. Matarumbeta yakapanda, na chini yake ta, zzz, ta, zzz. Nilifunika uso kwa mtandio nikalia kwa furaha, na mimi ndani ya mtandio nikasikia sauti ya shangazi.

"Nyamazeni! Nyamazeni nyote! Hiyo ni pembe yangu."

Wakacheka. Mahira akamwambia, "Mama, hayo ni mambo ya Ulaya."

"Hata yawe ya mbinguni! Mimi sijui pembe yangu? Naijua kama mke ajuavyo kikohozi cha mumewe."

Hakunyamaza siku ile wala ya pili yake. Akamwambia muuza maziwa, akamwambia fundi wa mfereji, akawaambia wenzake wa vugo kwamba pembe yake yapigwa kwenye mbio za Ulaya, watu wakaanza kutazamana. Kamaludin akampeleka kwa daktari, ati akili zaanza kumtoka. Daktari akamwuliza leo ni siku gani, huu ni mwezi gani, akamwambia achore saa, akaichora na mishale yake, halafu yeye akamwuliza daktari ni mtoto wa nani na mbona haendi kumtazama nyanyake. Daktari akasema haoni kitu, lakini afuatiliwe, na lile "afuatiliwe" ndilo walilorudi nalo nyumbani. Sasa harusi ya Yumna, mjukuu wake, binti wa Mahira, ni Alhamisi ijayo, na wameamua vugo iongozwe na Bi Swabaha wa Kibokoni, shangazi apumzishwe, asije akawaaibisha mbele ya wakwe. Pembe yake wameiweka juu ya kabati kwa Mahira.

La kuniua hasa ni hili. Alinijia hadi Mji wa Kale, akapanda ngazi zote zile na magoti yake yale, akakaa kitandani kwangu, akaniuliza, "Mwanangu, wewe una masikio, tangu mtoto ulikuwa na masikio. Niambie wewe. Ile si pembe yangu?" Kompyuta ilikuwa pale pale mbele yake. Nikasema, "Labda zafanana, shangazi."

Akaitikia kwa kichwa, akashuka ngazi. Ijumaa iliyopita nilipomsomea safu yako ulikuwa ukimjibu yule bwana aliyeoa mke wa pili kwa siri, jibu ambalo siku nyingine angeligombana nalo hadi adhana ya alasiri, akakaa kimya. Nikamwuliza, "Shangazi, Bi Sidi leo kapata au kakosea?" Akasema, "Soma tu, mwanangu. Mimi siku hizi sijui nisikiacho."

Nikisema kweli, wanawake wote waliokuwamo mle harusini wataniuliza nini kingine nilichorekodi, na hakuna mlango nitakaokaribishwa tena, na kampuni huenda ikanitupa mimi na vipande vyangu vyote, na shangazi atajua kwamba aliyemfanya aonekane mwenda wazimu ni huyu aliyelala mapajani mwake utotoni. Nikinyamaza, Alhamisi atakaa kitini kama mgeni katika ngoma yake mwenyewe. Nimewaza labda nimwombe Mahira tu amrudishie uongozi bila ya kumwambia sababu, huenda hilo likatosha. Nishauri, Bi Sidi. Na ukiichapisha barua hii, ichapishe yote.

Mtunga Ushindi,
Mji wa Kale, Mombasa

BI SIDI ANAJIBU

Naanza na neno ambalo naona hujawahi kuambiwa na mtu: hongera. Hongera sana, binti. Watu hurudishiwa barua moja ya kazi wakalala na mto usoni wiki nzima, wewe umerudishiwa vipande sitini ukaandika cha sitini na moja. Umekaa chumbani juu, Mji wa Kale, umevalisha muziki mbio za dunia. Nimekupigia kigelegele hapa hapa ofisini, mhariri akachungulia mlangoni kuuliza nani kajifungua. Kichukue, ni chako.

Sasa kaa chini.

La kikapu ni kosa, na usinizungushe na habari za kifudifudi. Uliaminiwa ukavunja. Wale wanawake wana haki ya kukasirika, nawe utawaacha wakasirike mpaka wamalize. Lakini kosa hilo lina dawa. Mimi nilipanga Bondeni miaka tisa, dirisha langu lilikuwa juu ya njia wanayopita na pembe zao, wanawake wa vugo nawajua. Wanajua kugomba na wanajua kusamehe, ila kusamehe hakuji mpaka kugomba kuishe.

"Labda zafanana." Hilo ndilo lililonifanya niweke kalamu chini nikatembea chumbani. Mwanamke wa makamo yale amesikia pembe yake chini ya matarumbeta, televisheni inapiga kelele, nyumba nzima inaruka, na mtu anamwaga kahawa, akaitambua kwa waya wake! Hiyo ni akili inayomtoka? Hiyo ni akili inayowazidi nyote mliokuwa sebuleni. Na mtu mmoja tu duniani alijua kwamba amesikia sawa, naye shangazi yako akamfuata mtu huyo huyo, kwa magoti yale, ngazi zile. Ulimchukulia pembe mara moja. Masikio yake unamchukulia kila siku unayokaa kimya. Asante ya punda ni mateke, nilidhani nimeshayaona mateke yote katika safu hii, lakini la kupigwa huku mtu anasomewa gazeti sikuwa nimeliona.

Na hilo wazo la kumnong'oneza Mahira, litupe baharini. Arudishiwe pembe kwa huruma, watu wakikonyezana nyuma ya mgongo wake? Shangazi yako hataki kuhurumiwa. Anataka kuambiwa kwamba alisikia sawa.

Basi fanya hivi. Ukishamwomba radhi yeye peke yake, waite Mahira, Kamaludin na Bi Swabaha waje chumbani kwako, wapande wao ngazi safari hii. Fungua kompyuta, wasikize kipande chote, halafu zima matarumbeta wasikie pembe peke yake, halafu shangazi aigonge ile yake, ikishateremshwa kabatini. Hapo hakuna haja ya maneno. Kamaludin amwombe mamake radhi, na kama bado ana wasiwasi na akili za watu, achore saa yeye. Baada ya hapo nenda nyumba kwa nyumba kwa kila aliyegonga pembe siku ile, mwombe ruhusa, na asiyekubali, pembe yake itolewe, urekodi upya na wanaotaka, mchana, simu ikiwa juu ya meza na kila mtu anaiona. Kisha iandikie kampuni ukweli wote kabla hawajakuuliza, majina ya wapigaji yaandikwe na haki yao waipate. Utaniambia watakufukuza. Huenda. Lakini hao ndio waliokuuliza ile ni ala gani, na mtu haulizi jina la kitu asichokitaka. Mimi naona watakuja kukuomba zaidi, na safari hiyo utajibu kwa jina lako na jina la aliyekulea.

Najua utachelewa. Wewe umezoea kuficha miaka kumi na minne, utasema kesho, kesho utasema harusi ipite kwanza. Ndiyo sababu nimefanya kama ulivyoniomba, nimeichapisha yote, na waya wa shaba ndani yake. Majina umeyabadilisha, sawa, lakini Mombasa hii kuna pembe ngapi za vugo zilizofungwa waya wa shaba? Kufikia adhana ya alasiri Kibokoni nzima itakuwa na habari. Shangazi yako asiipate kwa muuza maziwa.

Na leo ni Ijumaa. Chakula kimekwisha, mkeka umetandikwa, gazeti unalo mkononi. Msomee. Anzia kule juu kabisa, pale ulipoomba usomwe hadi mwisho, usiruke hata mstari mmoja, wala lile la kikapu, wala lile la kitandani. Sauti ikikukwama, kunywa maji uendelee. Ukifika hapa, wewe umemaliza kazi yako. Yaliyobaki ni yangu na yeye.

Bi Mejumaa, shikamoo. Si jina lako, lakini unajijua. Huyo aliye mbele yako analia, mwache alie kidogo, inamfaa. Kisha mgombeze utakavyo, na ukiweza umsamehe, hilo sikuamulii. Mimi nina moja tu la kukuambia. Ulisikia sawa. Ile ilikuwa pembe yako, na waya wake na mtetemo wake. Binti yetu alipokata utepe, pembe yako ndiyo iliyomshangilia, watu wa nchi zote wakaisikia, na katika wote hao aliyeitambua ni wewe peke yako. Hukuwahi kukosea hata siku moja katika mwezi huu wote.

Sasa inuka hapo mkekani, nenda kwa Mahira, mwambie aiteremshe pembe yako kabatini. Alhamisi Yumna anaolewa, na vugo inamtaka wa kushika mwendo. Lakini kabla hujavaa buibui, mjibu kwanza huyo binti, anangoja tangu Ijumaa iliyopita: Sidi leo kapata, au kakosea?